Nimeoa Mthai na nataka kuhamia kwao: viza gani, na laki nne ni za nini?

Swali: Mtaalamu, mimi ni mfanyabiashara wa vito hapa Arusha. Mke wangu ni Mthai. Tulifunga ndoa bomani hapa hapa Arusha, na sasa amerudi kwao Chanthaburi kumuuguza mama yake. Nataka kumfuata tukaishi huko. Mmoja ananiambia cheti cha ndoa kinatosha, mwingine anasema lazima niwe na laki nne za bati, fedha ya Thailand, benki, na mwingine anasema niingie kwa viza ya utalii tu, mengine nitayapanga nikishafika. Nimsikilize nani? Halafu nikiwa huko, naruhusiwa kuendelea na mawe na kuja nyumbani mara kwa mara kuchukua mzigo?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza mpe shemeji pole ya kuuguza.

Nianze na anayesema cheti kinatosha, kwa sababu ushauri wake ndio unaowaponza wengi. Sheria ya Thailand haimpi mgeni haki ya kukaa kwa kuwa tu ameoa au ameolewa huko. Ndoa inakupa sababu ya kuomba, na ombi hilo hurudiwa kila mwaka, hata kama una watoto na umeshaishi nao miaka ishirini. Ukipitiliza siku zako, faini ni bati 500 kwa siku hadi kufikia bati 20,000. Aliyepitiliza zaidi ya siku 90 akajisalimisha mwenyewe anafungiwa kuingia kwa mwaka 1. Aliyekamatwa mtaani, hata kama amezidisha siku chache tu, anafungiwa miaka 5. Kuwa na mke Mthai hakufuti adhabu hiyo. Nimewaona wanaume waliotenganishwa na familia zao kwa sababu waliamini cheti cha ndoa ni kinga, na inaniuma kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa linazuilika.

Tofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Viza hutolewa na ubalozi, na kazi yake ni kukufikisha mlangoni. Ruhusa ya kukaa hugongwa kwenye pasipoti na Uhamiaji unapoingia, na ukishaingia ubalozi hauna neno tena. Kwa mtu kama wewe njia iliyonyooka ni hii: unaingia kwa viza iitwayo Non-Immigrant O (hapa nitaiita viza ya O), unagongewa siku 90, na kabla hazijaisha unaomba kuongezewa mwaka 1 kwa sababu ya ndoa. Mwaka ukielekea kuisha unaomba mwingine, ukiwa hapo hapo nchini.

Sasa cheti chako. Ndoa ya bomani ni ndoa halali, lakini ofisa wa Chanthaburi hawezi kusoma muhuri wa Arusha na hana sababu ya kuuamini. Kipeleke RITA, wakala wa serikali wa usajili, kihakikiwe, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, ambao ndio unaohudumia Tanzania. Ukifika Thailand kinatafsiriwa Kithai, tafsiri inathibitishwa na Idara ya Mambo ya Kibalozi ya wizara yao, iliyoko barabara ya Chaeng Watthana, Bangkok, halafu wewe na shemeji mnakwenda ofisi ya wilaya, wao huiita amphoe, kuiandikisha. Mtapewa hati iitwayo Kor Ror 22. Hiyo ndiyo Uhamiaji watakayoitambua. Mihuri ya huku nyumbani igongwe kabla hujapanda ndege, maana kuifuata ukiwa Chanthaburi ni gharama na usumbufu. Tanzania haina ubalozi Bangkok. Shughuli zetu za Thailand hupitia Kuala Lumpur. Wakenya wao wana ubalozi wao Bangkok, kwa hiyo usifuate maelekezo ya rafiki Mkenya neno kwa neno.

Ukiona mlolongo huo ni mrefu, mnaweza kufikiria kufunga ndoa mbele ya ofisa wa amphoe, lakini hapo utatakiwa barua ya ubalozi wako kwamba huna mke, na wewe tayari unaye. Kwa hiyo andikisheni hii mliyonayo. Kwa msomaji mwingine ambaye bado hajaoa, ndoa ya amphoe ndiyo nyepesi zaidi kwa mambo ya Uhamiaji, kwa sababu inatoa moja kwa moja Kor Ror 3, yaani cheti, na Kor Ror 2, yaani nakala ya daftari la ndoa. Sherehe ya kijijini na watawa, au nikaha msikitini bila kwenda amphoe, ina heshima yake mbele ya Mungu na mbele ya wazazi, ila Uhamiaji hawaihesabu.

Hapa niseme jambo ambalo hukuniuliza. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na pia ya wake wengi. Sheria ya Thailand haitambui mke wa pili. Kifungu cha 1452 cha sheria yao ya madai kinakataza mtu mwenye ndoa kufunga nyingine, na ndoa ya namna hiyo ni batili. Kama kuna mke mwingine aliyeandikishwa nyumbani, shemeji ana haki ya kujua kabla hamjafika dirishani, na kesi yako inahitaji wakili badala ya jibu la kuandikiwa namna hii.

Turudi kwenye viza. Mtanzania haingii Thailand bila viza. Maombi hufanywa kwa mtandao, kwenye mfumo wao rasmi wa viza za kielektroniki, ambao tangu Januari 2025 unatumika katika balozi zao zote. Utachagua viza ya O kwa sababu ya kuishi na mwenzi Mthai, utaweka cheti cha ndoa, nakala ya kitambulisho cha shemeji na uthibitisho wa fedha. Ada ya kuingia mara moja ni bati 2,000 kwa hesabu yao, nawe utalipa kwa fedha ambayo ubalozi umepanga. Ndani ya siku 3 kabla ya kutua unajaza fomu ya kuwasili mtandaoni. Fomu hiyo ni ya bure, kwa hiyo tovuti inayokudai fedha kwa ajili yake si ya serikali. Na kadi ya njano isisahaulike. Tanzania imo kwenye orodha yao ya nchi zenye homa ya manjano, na chanjo inatakiwa iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari.

Vipi kuhusu kuingia kwa viza ya utalii? Inawezekana. Uhamiaji wanaweza kukubadilishia kwenda viza ya O ukiwa ndani, kwa bati 2,000, ilimradi umebakiwa na siku zisizopungua 15 kwenye ruhusa yako. Lakini wakati huo huo watataka kuona laki nne zako zimeshaingia, na ofisi nyingi hutaka ushahidi kwamba zimetoka nje ya nchi. Tatizo ni kwamba mtalii hupata shida kubwa kufungua akaunti, hasa sasa ambapo benki za Thailand zimekuwa kali kwa sababu ya matapeli wanaotumia akaunti za watu wengine. Kwa hiyo unajikuta unahitaji viza ili upate akaunti, na unahitaji akaunti ili upate viza. Mtu aliyeko Arusha, mwenye muda wa kuomba vizuri kupitia Nairobi, sioni kwa nini ajiingize huko.

Sasa laki nne. Hapa aliyekuambia yuko sahihi, na hapa ndipo panapotaka umakini kuliko pote. Mume mgeni wa mke Mthai anatakiwa aoneshe mojawapo ya mambo mawili: akiba ya bati 400,000 kwenye benki ya Thailand, au kipato cha bati 40,000 kwa mwezi. Huwezi kuchanganya nusu akiba na nusu kipato. Kwa viwango vya miaka ya karibuni laki nne ni kati ya dola 11,000 na 13,000 hivi. Kipato kinathibitishwa ama kwa mshahara wa ndani ya Thailand wenye kibali cha kazi na kodi iliyolipwa, ama kwa fedha iliyotoka nje na kuingia benki kila mwezi kwa miezi 12, ama kwa barua ya ubalozi. Wewe hauna ubalozi hapo Bangkok, bado hujaajiriwa huko, na biashara ya mawe haina mshahara wa mwezi. Shika njia ya akiba.

Akiba hiyo iwe kwenye akaunti yenye jina lako peke yako. Akaunti ya pamoja na mke inaonekana jambo la upendo, ila dirishani italeta ubishi. Na iwe imekaa humo miezi 2 kamili kabla ya siku unayowasilisha ombi, bila kushuka chini ya laki nne hata kwa bati moja. Weka ziada kidogo, kwa sababu makato ya kadi ya benki yanaweza kukushusha bila wewe kujua.

Piga hesabu ya siku. Una siku 90. Fedha inahitaji kulala miezi 2. Ina maana hadi kufikia siku ya 25 hivi tangu utue, akaunti iwe imefunguliwa na fedha iwe imeshasoma. Wanaokwama wengi wanazo fedha. Wanachokosa ni siku. Anafika, anapumzika, wanazunguka kuwasalimia ndugu, anakwenda benki wiki ya nne, benki inataka hati ya makazi, Uhamiaji wanachukua siku kadhaa kuitoa, uhamisho kutoka nyumbani unakwama kwenye maswali ya chanzo cha fedha, na fedha inaingia siku ya 45. Hapo hesabu imeshakataa. Wewe ongea na benki yako ya Arusha mapema, uandae nyaraka za mauzo zinazoonesha fedha ilivyopatikana, na wiki ile ile ya kufika uende benki pamoja na shemeji. Fedha ikiingia, omba benki ikuandikie uthibitisho kwamba imetoka nje.

Ukichelewa hata hivyo, kuna mlango wa dharura ambao wengi hawaujui. Mgeni mwenye mwenzi Mthai anaweza kuomba siku 60 za kukaa na mwenzi wake, kwa bati 1,900, bila kuonesha laki nne. Hupewa mara moja kwa kila mara unayoingia nchini. Siku 90 na 60 ni 150, zinatosha fedha kulala na faili kukamilika. Ombi hilo nalo linataka ndoa iliyoandikishwa amphoe na shemeji awepo, ndiyo maana nasema Kor Ror 22 ishughulikiwe wiki za mwanzo.

Dada zetu walioolewa na wanaume wa Kithai wasome hapa vizuri: sharti la laki nne limeandikwa kwa mume mgeni. Mke mgeni wa mume Mthai halimhusu, ingawa ofisi nyingi zitataka kuona kazi au kipato cha mume. Asikubali mtu yeyote amtoze fedha za "kumtafutia laki nne".

Na hao wanaotoza, wapo. Ni mawakala wanaokuingizia fedha ya kuazima kwenye akaunti, wanakupatia muhuri, kisha wanaitoa. Muhuri uliopatikana kwa maelezo ya uongo unaweza kufutwa siku yoyote, na wa kuulizwa ni mwenye pasipoti. Usiwaguse. Kama fedha haijatimia, ni heri ubaki Arusha miezi michache uuze mzigo.

Ombi la mwaka linawasilishwa ndani ya siku 30 za mwisho za ruhusa yako, kwenye ofisi ya Uhamiaji ya mkoa unaoishi, kwa fomu TM.7 na bati 1,900. Shemeji lazima awepo. Utabeba pasipoti na nakala zake, picha ya sentimita 4 kwa 6, Kor Ror 22 iliyochukuliwa upya amphoe siku za karibuni, kitambulisho cha shemeji na kitabu chake cha bluu cha makazi, barua ya benki, na kitabu cha akaunti kilichochapwa asubuhi ile ile. Weka au toa bati mia moja siku hiyo ili tarehe mpya ionekane, bila kushuka chini ya kiwango. Utabeba pia ramani ya kufika nyumbani, iliyochorwa ili mtu aifuate, na picha zenu wawili: nje ya nyumba namba ya nyumba ikionekana, sebuleni, jikoni, chumbani. Wengine huona aibu kwa hiyo ya chumbani. Mnavaa nguo zenu za kawaida, mnakaa kando ya kitanda, basi. Ofisi nyingine hutaka na shahidi, jirani au ndugu mwenye kitambulisho, aseme kwamba mnaishi pamoja. Kila ofisi ina nyongeza zake, kwa hiyo wiki mbili kabla mwende mkachukue orodha yao iliyoandikwa. Orodha ya Bangkok haitakusaidia Chanthaburi.

Kuna karatasi moja inayorudisha watu nyumbani, TM.30. Mwenye nyumba anatakiwa kuitaarifu Uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba mgeni amelala kwake. Kama nyumba ni ya mama mkwe, wajibu ni wake, lakini kwa hali yake shemeji amsaidie. Bila risiti hiyo faili haliendi.

Siku ya kwanza hupewi mwaka. Unagongewa muhuri wa kusubiri wa siku 30 hivi wakati faili linapelekwa ngazi ya juu. Katika siku hizo ofisa anaweza kuja nyumbani bila taarifa. Atakunywa maji, atawauliza mlikutana wapi, pengine ataongea na jirani. Wanatafuta ndoa za kununua, na kwenu wewe na shemeji hilo lisiwape hofu. Usisafiri kipindi hicho na usiiguse fedha. Ukirudi tarehe uliyopewa unagongewa mwaka, ukihesabiwa kuanzia mwisho wa ruhusa ya zamani, kwa hiyo siku za kusubiri haziongezi kitu. Kisha fedha ni yako, itumie. Anayekaa kwa njia ya kustaafu, wa miaka 50 na zaidi, anadaiwa laki nane na anafungwa kuzigusa hata baada ya muhuri. Wewe unadaiwa tu uirudishe miezi 2 kabla ya ombi la mwaka unaofuata. Wafanyabiashara hulisahau hili kwa sababu fedha yao haitulii. Andika tarehe hiyo mahali unapoiona kila siku.

Kila siku 90 ukiwa ndani mfululizo, unaripoti unapoishi kwa fomu TM.47. Dirisha linafunguliwa siku 15 kabla na kufungwa siku 7 baada. Ni bure, ukichelewa ni bati 2,000.

Mawe. Sifa za Chanthaburi kwa biashara ya vito unazijua, na Wathai wanatujua pia tangu walipomiminika Tunduru kununua yakuti miaka ya tisini. Lakini kukaa kwa ndoa si ruhusa ya kazi. Kunakupa haki ya kuomba kibali cha kazi kwenye idara ya ajira, na kuna unafuu mmoja: kampuni inayomwajiri mgeni mwenye mwenzi Mthai inatakiwa mtaji uliolipwa wa bati 1,000,000 kwa kila mgeni, badala ya 2,000,000. Shemeji anaweza kufungua kampuni ikakuajiri kihalali, na mshahara wa 40,000 wenye kodi ukakuondolea kabisa habari ya laki nne miaka inayofuata. Jihadhari na kazi yenyewe, maana kukata na kung'arisha vito kumo kwenye orodha ya kazi wanazowekewa Wathai peke yao. Udalali pia umo, isipokuwa ule wa biashara ya kimataifa. Kwa hiyo kibali chako kiandikwe kwa kazi ya ununuzi na uagizaji kutoka nje, na gurudumu la kukatia waachie mafundi wao. Kufanya kazi bila kibali ni faini ya bati 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa nyumbani. Usikae nyuma ya meza ya shemeji sokoni ukipima mawe kwa wateja ukidhani kwa kuwa hulipwi hakuna kosa.

Na safari za kurudi kuchukua mzigo. Huu ndio mtego mkubwa kwa mtu wa biashara yako. Ukitoka Thailand bila kibali cha kuingia tena, mwaka wako wote unakufa ukipita mlango wa kutokea, hata kama ulikuwa umebakiza miezi 11, na unaanza upya na ubalozi wa Nairobi. Kibali hicho huombwa kwa fomu TM.8: cha kutoka mara moja ni bati 1,000, cha mara nyingi hadi mwisho wa mwaka wako ni 3,800. Kwa safari zako chukua cha 3,800 siku ile ile unapogongewa mwaka, ofisi hiyo hiyo. Ikitokea msiba au dharura hujakikata, uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, pana dawati linalotoa kabla hujafika kwa maofisa wa kutokea, ila fika saa kadhaa mapema. Kibali hakiongezi siku. Ukirudi unagongewa tarehe ile ile ya zamani, na shemeji anaripoti TM.30 kama ofisi yenu inataka iripotiwe upya kila unaporudi. Muulizeni ofisa siku ya kwanza, mwandike jibu lake.